Jivu la maziwa
Jamani, leo nimeshuhudia kalisiamu ya maziwa ikipimwa, na moyo wangu umefurahi kwelikweli. Maziwa ya ng'ombe wa Wete yalikaushwa, yakachomwa tanurini kwa nyuzi 550 hivi mpaka likabaki jivu jeupe. Madini yamo humo. Mafuta na protini zimeshaungua. Jivu likayeyushwa kwa asidi, likatiwa lanthanamu (aina ya metali), na hapa ndipo penye ufundi: fosfati (chumvi ya fosforasi iliyomo kwenye maziwa) huing'ang'ania kalisiamu ndani ya mwali wa kifaa cha kupimia, kipimo kikashuka. Lanthanamu huishika fosfati, kalisiamu ikabaki huru kufyonza mwanga wa taa ya kifaa hicho, na mwanga unaofyonzwa ndio unaoonyesha kiasi chake. Lita moja ya maziwa kwa kawaida ina miligramu 1,200 hivi za kalisiamu. Potasiamu (wengi hatuitaji) huizidi! Kesho zamu ya maziwa ya mbuzi, nitakuwepo inshaallah.