Spika Zisizo na Tundu

Spika zile nilizinunua Mwanakwerekwe, hapa Unguja, kwa muuza mitumba aliyekuwa akipakua kontena lililotoka Uingereza. Mwenyewe alikwishazikatia tamaa. Vitambaa vya mbele vimechanika, na ukigusa ukingo wa spika ya besi kwa kidole, lile sponji lililoizunguka koni, ile karatasi inayotikisika, linavunjika, linabaki unga mweusi unaonata. "Mbao zake nzuri, bwana, utapata stuli mbili," aliniambia. Nikazigeuza nyuma. Kwenye karatasi iliyopauka palisomeka Acoustic Research, 24 Thorndike Street, Cambridge, Massachusetts, na mfano wake AR-2ax. Nikalipa, nikakodi gari ya kuzileta Kikwajuni kabla hajabadili mawazo.

Jina hilo nilikuwa nalijua tangu udogo, kwenye magazeti ya muziki ambayo ami yangu alirudi nayo kutoka ubaharia. Kabla ya 1954, aliyetaka besi ya kweli nyumbani ilimbidi awe na boksi la ukubwa wa kabati. Edgar Villchur, aliyekuwa akifundisha New York, akaliangalia tatizo kwa upande mwingine. Koni ya spika hurudishwa mahala pake na ukingo wake pamoja na kitambaa cha nyuma, na vitu hivyo vikivutwa sana havivutiki sawasawa; hapo ndipo sauti inapoharibika. Yeye akailegeza koni mpaka ikawa inaning'inia tu, halafu akaliziba boksi lisipitishe hewa. Hewa iliyofungiwa ndani ndiyo ikawa springi, na hewa haichoki, tena inaisukuma koni nzima kwa usawa. Mwanafunzi wake, Henry Kloss, alikuwa na karakana huko Cambridge, wakaanzisha kampuni. Boksi la kuweka kwenye rafu likatoa besi iliyokuwa ikitoka kwenye makabati. Tangu niliposoma habari hiyo nilitamani kuisikia kwa masikio yangu.

Sijaanza hata kuzifungua, umeme ukakatika. Disemba 2009, Unguja nzima. Umeme wetu unatoka Bara kwa kebo iliyopita chini ya bahari, na njia hiyo ilipoharibika hatukuwa na nyingine. Ulirudi Machi 2010. Aliyekuwepo anakumbuka: majenereta yakinguruma madukani, foleni za ndoo visimani kwa kuwa pampu zimesimama, na usiku joto la kaskazi na feni haizunguki.

Mtaani kwetu alikuwepo fundi mmoja wa redio, mtu mzima, aliyekuwa akitengeneza redio za vali kabla mimi sijazaliwa. Jenereta hana, kazi imelala. Nikampelekea spika moja aitazame. Akaigonga ubavuni, akaizungusha, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hii imezibwa pumzi. Haina pa kutolea sauti. Tuitoboe hapa chini, tutie bomba, utaniambia."

"Mzee wangu, hii ukiitoboa umeiua."

Neno hilo hakulipenda. Spika zenye besi alizozizoea zote zina tundu, na kusema kweli boksi lenye tundu, likipigiwa hesabu vizuri, ni chombo kizuri. Lakini hesabu hiyo ni ya koni nyingine. Koni hii imelegezwa makusudi. Ukiiondolea hewa iliyobanwa nyuma yake, hakuna tena cha kuizuia. Tukaachana bila ya kukubaliana.

Dada yangu, mtoto wa ami, anaishi London. Alipokuja kututembelea aliniletea pete mpya za sponji za inchi kumi. Nikafanya kazi barazani, mchana, penye mwanga. Sponji la zamani na gundi yake vililainishwa kwa spiriti, nikavikwangua kwa wembe kidogo kidogo, maana koni ni karatasi na karatasi haisamehe. Kisha nikakata kile kikofia cha katikati ili niione koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma koni. Nafasi kati ya koili na chuma cha sumaku ni ndogo mno. Koni ikikaa upande kidogo tu, koili itasugua, na spika itakwaruza maisha yake yote. Nikachukua filamu ya eksirei ya goti la mama, nikaikata vipande vyembamba, nikavichomeka kuizunguka koili pande zote mpaka haina pa kuegemea. Hapo ndipo nilipotia gundi, nikabana ukingo kwa vibanio vya nguo, nikaiacha ilale. Asubuhi nikavichomoa vile vipande, nikaisukuma koni juu na chini kwa vidole vya mikono miwili. Kimya, haisugui popote.

Nikamwita Fundi. Nikaiweka spika mezani, nje ya boksi, nikaigusisha waya za betri ya tochi, volti moja na nusu. Koni ikaruka mbele, ikatikisika, ndipo ikatulia. Nikaifunga ndani ya boksi, nikaukandika ulimbo wa kuzibia ukingoni na kukaza skrubu. Betri ile ile: safari hii ikasogea kidogo tu, ikasimama palepale.

"Sasa isukume mwenyewe, Mzee. Taratibu, uishikilie kidogo, halafu uiachie."

Akaisukuma kwa ncha za vidole, akaishikilia, akaiachia. Koni haikuruka kurudi. Ilijivuta polepole mpaka mahala pake, kwa sababu ile hewa kidogo iliyopenya nje ilikuwa ikirudi ndani kwa shida mno. Akarudia. Akabonyea tena, safari hii sikio lake liko karibu na mbao.

"Kumbe hewa ndiyo inayofanya kazi," akasema.

Akaondoka. Akarudi na jiko la mkaa na chuma cha kulehemia cha kichwa cha shaba, cha zamani, kile cha kupashwa kwenye moto. Mimi chuma changu kilikuwa cha umeme na hakikuwa na maana yoyote miezi ile. Tukaifungua spika tena. Ndani mlijaa nyuzi za kioo, ambazo hunyonya joto la hewa inapobanwa na kulifanya boksi liwe kama limeongezeka ukubwa, kwa hiyo hazitupwi. Tulizitoa zote na tukazirudisha zote, na mikono ikatuwasha hadi usiku. Vile vifungo viwili vya nyuma vya kurekebisha sauti ya kati na sauti nyembamba vilikuwa vimeshikwa na kutu ya kijani, havipitishi umeme sawasawa. Nikavisafisha kwa msasa mwembamba. Fundi akalehemu kapasita mpya kwa kupitia tundu la spika ya besi, mkono umezama hadi kiwiko, huku mimi nikipuliza mkaa. Sijapata kuona viungo vya risasi vilivyong'aa namna ile.

Tulijaribu kuzipigisha kwa redio ya gari na betri yake. Zilinong'ona tu. Spika za kuzibwa zinakula umeme, hilo ni deni lake na halikwepeki. Boksi dogo na besi ya chini hulipiwa kwa nguvu ya amplifaya.

Machi umeme uliporudi, mtaa mzima ulipiga vigelegele. Mimi nikawasha amplifaya na kuweka santuri ya taarab ya ami. Sauti za fidla na za ala ya kanuni nilikuwa nikizijua. Nilichokuwa sijapata kukisikia ni besi: si mvumo mmoja chini ya wimbo, bali kamba moja moja, ikidonolewa, ikipanda na kushuka, na kila noti inaanza na kwisha mahala pake. Fundi alisimama mlangoni na kofia mkononi hadi upande wa kwanza ukamalizika. Akaniomba niugeuze.

Siku ya pili asubuhi alinibishia hodi na kijana wake kabeba spika mbili za Kiingereza, ndogo, vinia safi. Chini ya kila moja palikuwa na tundu la mviringo lililokatwa kwa msumeno wa mkono. Alizitoboa mwenyewe, zamani.

"Ubao wa mvule ninao," akasema. "Wewe lete ulimbo."