Nilivyong'atwa na mtu wa kwetu

Juzi binti yangu kanikalisha kitako. Kuna mwenzake darasani, kwao wanafuga tarantula, yule buibui mkubwa wa manyoya, sasa na yeye anamtaka wake, kashapiga hesabu mpaka bei ya boksi la kioo, na swali alilonalo ni moja tu: baba, hivi anauma? Nikaangalia kidole gumba changu cha kulia nikacheka peke yangu, mama yake akanitupia lile jicho mnalolijua, maana hii stori anaijua na haipendi. Acha niimwage huku kwanza, mtoto nitamjibu nikishapanga maneno.

Ni enzi zile naishi Leipzig, Ujerumani, nyumba moja na jamaa mmoja wa kulekule. Kitu ambacho sijawahi kuwaambia ni kwamba chumbani kwake alikuwa na rafu nzima ya maboksi ya kioo na kila boksi lina buibui wa manyoya wa kujaa kiganja. Kulikuwa na Mmeksiko mmoja wa magoti mekundu, mpole, siku nzima katulia, ukimkera sana anajikuna tumbo kwa miguu ya nyuma na kukurushia vinyoya vinavyowasha, vikikupata mkononi unanawa wala husugui, machoni ndiyo balaa zaidi. Halafu rafu ya chini kabisa lilikuwepo boksi limebandikwa karatasi yenye jina la kitaalamu la buibui wake, Pterinochilus murinus, na pembeni yake kwa kalamu ya wino jamaa kaandika: Usambara.

Usambara, bwana! Mimi mtoto wa Muheza, Tanga, milima hiyo ya Usambara upande wa Amani naiona kutoka kwetu, nimekua pale, nimechunga pale, nimechimbua viazi na kuokota kuni, sijawahi kumtia machoni huyu mdudu, nakuja kukutana naye Ujerumani ghorofa ya nne na nje theluji. Rangi yake ya chungwa, kali, ya kung'aa. Mnajua machungwa ya kwetu Muheza yanaiva na ngozi imebaki kijani, basi nikamwambia jamaa sasa nimejua ile rangi alienda nayo nani.

Na dirishani kwake kulikuwa na ua dogo la zambarau alilopewa na bibi yake, nalo ni la Usambara. Kule kila bibi analo, mbegu zake zilipelekwa na mkuu wa wilaya wa enzi za Mjerumani, Walter von Saint Paul, miaka ya 1890 huko, na mpaka leo jina lake kwa Kijerumani lina Usambara ndani. Kwa hiyo mle ndani tulikuwa watu wa milima ileile watatu, na aliyekuwa akihangaika na foleni ya kibali cha kuishi ni mimi peke yangu, wenzangu wote walizaliwa hukohuko.

Krismasi jamaa akaenda kwao, akaniachia viumbe wake na karatasi ya masharti kwenye friji. Mkono hauingii ndani ya boksi hata siku moja. Kila kitu unafanya kwa kibano kirefu cha chuma. Kabla hujafungua kifuniko hakikisha umemwona alipo. Kopo la plastiki linaloonyesha ndani liwe karibu, la kumfunikia akitoka. Usimpulizie, hapendi pumzi. Usimshike, na kama yuko juu ya kitu usimwangushe, akianguka hata kutoka kimo cha meza tumbo linaweza kupasuka akafa. Chakula ni mende, na mende wenyewe wa kununua dukani, wamo kwenye kikopo na bei wamewekewa, hapo ndipo nilipojua dunia hii kweli pana. Na kwa huyo wa kwetu kulikuwa na mstari wa ziada, kaupigia mistari chini: huyu hana vinyoya vya kurusha, buibui wa Afrika hawana hiyo silaha, wao ni mbio na meno, basi.

Siku kadhaa zikaenda vizuri tu. Ikafika siku kisosi chake cha maji kimejaa utando na michanga, maana aina hii wanafuma, ukimwacha wiki moja anafunika boksi zima kwa nyuzi mpaka zinashika kifuniko. Nikachungulia. Yuko nyuma kule mlangoni pa shimo lake, namwona kabisa, miguu minane, kalala. Nikavuta kifuniko taratibu, nikaingiza kibano, nikakishika kisosi.

Kumbe kile nilichokuwa nakitazama ni gamba. Alikuwa amejivua gamba siku za nyuma (na wala siyo lile la CCM la 2011, huyu alijivua kweli), akalisukumia mlangoni, na gamba la tarantula linabaki na umbo lote, miguu, manyoya, mpaka ala za meno. Mwenyewe alikuwa juu, chini ya utando, karibu na kifuniko.

Nilichoona ni rangi tu ikipita. Sikumwona akikimbia, nasema ukweli, alikuwa hayupo kisha akawa yuko kwenye kibano kisha akawa juu ya mkono wangu, nyuma ya kiganja, pale gumba linapoanzia.

Halafu akasimama.

Huu ndio muda ninaoukumbuka kuliko vyote vilivyofuata. Mkono uko hewani, umeshika kibano, kibano kimeshika kisosi, na juu yake kasimama huyu mama. Ni mwepesi kuliko nilivyotarajia. Nyayo zake nazisikia moja moja kwenye ngozi, kuna kitu laini halafu ncha ya kucha ndogo inakwama kwenye vinyweleo vyangu. Naona na mistari ya giza kichwani kwake, imetawanyika kutoka katikati kwenda pembeni, na tumbo linapanda na kushuka kidogo, au labda ni mkono wangu ndio ulikuwa ukipanda na kushuka. Nikawaza kumkung'uta, nikakumbuka tumbo kupasuka. Nikawaza kupuliza, nikakumbuka pumzi. Kopo lilikuwepo mezani, upande wa kushoto, na mkono wa kushoto ukaanza kulifuata polepole sana, nikaligusa kabisa.

Basi tramu ikapita chini barabarani. Mnaijua ile ya usiku, madirisha yanatetemeka. Macho anayo manane lakini haoni kitu cha maana, dunia yake yote ni mtetemo, na nadhani tramu ndiyo iliyomaliza mazungumzo. Akainua miguu ya mbele, akaegemea nyuma, nikayaona meno, meusi, yamekunjuka, na kwenye ncha ya mojawapo kitone cha maji. Tarantula habani kutoka pembeni, meno yake yanashuka wima kwenda chini. Yakashuka.

Sikupiga kelele, nilisema "aisee" kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu aliyeongezewa nauli. Yeye akashuka mwenyewe mezani, nikamfunika na kopo, nikapitisha karatasi ngumu chini, nikamrudisha kwake, nikafunga. Ndipo maumivu yalipofika. Moto, moto wa kupanda, kutoka kwenye gumba mpaka kifundo, na mapigo ya moyo nayahesabia kwenye kidole.

Pete ndiyo niliyoanza nayo, nikaitoa kwa sabuni kabla mkono haujavimba, na ulivimba kweli muda si mrefu. Nikaosha vidonda vyenyewe, vitundu viwili tu, maji na sabuni, barafu nikaifunga kwenye taulo, mkono nikauinua juu ya mto. Nikampigia jamaa. Swali lake la kwanza: buibui mzima? La pili akauliza mimi.

Kule kuna simu ya kuomba msaada wa mambo ya sumu, ya jimbo la Saxony, ndilo la Leipzig, inapokelewa mji wa Erfurt, saa 24. Mama mmoja mtulivu kweli akaniuliza ameng'ata nani, wapi, saa ngapi, kifua kinabana? Unapumua vizuri? Umevimba uso? Nikajibu hapana, napumua, hapana. Akasema usikate, usinyonye, usifunge kamba, endelea na barafu, meza dawa ya maumivu, lakini nenda ukaonekane, na uliza kama sindano yako ya pepopunda bado inafanya kazi.

Hospitali nayo ikawa kichekesho. Daktari kijana, anajaza fomu.

"Mnyama ametokea wapi?"

"Tanzania."

"Na wewe?"

"Tanzania."

Akasimamisha kalamu. "Ulikuja naye?"

"Hapana, tumekutana hapa."

Akaniangalia, akaandika kitu kirefu kuliko nilichosema. Sindano ya kuua sumu ya huyu buibui hakuna, ni kutuliza maumivu na kuangalia, kwa hiyo wakanichoma ya pepopunda, wakanikalisha masaa kadhaa wakichungulia pumzi na mapigo ya moyo, wakaniruhusu. Daktari alinieleza kwamba hakuna mtu anayejulikana kwa uhakika kufa kwa sumu ya tarantula, ila wenye kudhurika kwa mzio wapo, ndiyo maana hawakuachii uende haraka.

Uvimbe uliondoka mapema. Kilichonitesa ni misuli, usiku nikilala mkono unakaza wenyewe, vidole vinajikunja, nainuka naukanda kwa maji ya moto, unalegea, nalala, unakaza tena. Siku nyingine nikadhani imekwisha, nashika kijiko nasikia tena inakuja. Na katika siku hizohizo mende aliendelea kupata, kwa kibano kirefu zaidi, na nilikuwa nikimsalimia kabla ya kufungua. Hasira naye sikuwa nayo, nilijaribu kuwa nayo nikashindwa. Labda ni kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza wa kwetu kunigusa tangu mvua za masika, au labda ni dawa za maumivu tu, mimi sijui. Kazaliwa Ujerumani, hajawahi kuiona Amani, na bado ile hasira ya mlimani hajaipunguza hata kidogo. Binti yangu naye kazaliwa hukohuko. Haya tuyaache.

Jumapili ikafika, nikampigia mama Muheza kama kawaida. Shikamoo, marahaba, habari za baridi, mkono nikautaja kwa kupitia tu. Akasema jiwe la nyoka huko hakuna? Nikasema hakuna mama, na hata lingekuwepo daktari kasema hapana. Akataka nieleze vizuri kimeniuma nini. Nikaeleza yote, boksi la kioo, taa, kisosi, mende wa dukani. Upande wa pili kimya, nasikia kuku na redio ya jirani. Kisha akaniuliza, taratibu, kwa ile sauti ya kumwogopa mtu asije akawa amerukwa na akili:

"Sasa mwanangu, huyo buibui kazi yake nini?"