Kulungu wa Colorado na sahani ya Coco Beach

Wiki tatu zilizopita mpwa wangu anayesoma Colorado, nchini Marekani, alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri, wakati kwao ilikuwa bado jioni ya siku iliyotangulia. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alinieleza kwamba wenyeji wake wamemwalika kwenda nao kuwinda kulungu wa huko mwisho wa Oktoba, kwamba amekwisha kumaliza mafunzo ambayo jimbo lile humdai kila mwindaji aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1949, na kwamba katika bahati nasibu ya vibali jina lake limetoka. Kisha akauliza: "Mjomba, nitumie bunduki gani, na nipige kutoka umbali gani?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lenyewe halikuniacha, kwa sababu katika miaka niliyoongoza wageni kwenye mapori ya kusini, wengi wao Wamarekani waliozoea kuwinda mnyama huyo huyo, niliwaona watu wazima wenye uzoefu wakilijibu vibaya.

Mnyama mwenyewe kitaalamu huitwa Odocoileus hemionus. Jina lake la huko, mule deer, limetokana na masikio yake makubwa yanayofanana na ya nyumbu, nikimaanisha yule mtoto wa punda na farasi, si nyumbu wa Serengeti. Na kwa kuwa lugha yetu imewapa wote wawili jina moja, mimi humwita kulungu wa masikio makubwa, ingawa hana undugu wa karibu na kulungu wa vichaka vyetu. Pembe zake zina matawi, nazo huanguka kila mwaka na kuota upya, jambo ambalo huwezi kuliona kwa swala wala pofu. Dume lililokomaa huwa na uzito wa kilo 70 hadi 130 hivi, kwa hiyo humzidi swala pala na kumkaribia kongoni. Makazi yake ni magharibi ya Marekani, Colorado, Utah, Wyoming, Nevada na kwingineko, kwenye miteremko ya vichaka vifupi ambako jicho hufika mbali sana.

Hapo ndipo tofauti kubwa inapoanzia. Katika miombo ya kusini mwa nchi yetu miti na nyasi ndizo zinazoamua, na mara nyingi mnyama unamwona akiwa mita 60 hadi 120, ukijaliwa nafasi ya kumwona. Kule unaweza kumwona kulungu ng'ambo ya bonde akiwa mita 800, akila kwa utulivu, na ukiwa na bunduki nzuri mkononi unaanza kujiuliza kwa nini usijaribu. Wageni niliowahoji kwa makini karibu wote waliniambia kwamba kulungu wao wengi walianguka kati ya mita 100 na 300. Zile hadithi za mita 600 zilisimuliwa jioni karibu na moto, na ni nadra sana kumsikia mtu akisimulia risasi iliyokwenda kombo kwa umbali huo.

Ili nimweleze kijana jambo hili bila maneno mengi, Jumapili asubuhi nilikwenda Coco Beach na binti yangu, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umekuwa mgumu. Tulichukua sahani moja ya plastiki nyeupe, ya kulia wali, yenye upana wa sentimita 25, kwa sababu huo ndio ukubwa wa eneo la moyo na mapafu la kulungu yule, yaani mahali pekee ambapo risasi inapaswa kuingia. Binti akasimama nayo, mimi nikahesabu hatua kurudi nyuma. Kwa mita 100 niliiona sahani vizuri na hata kidole gumba chake kilichoishika ukingoni. Kwa mita 200 ilikuwa doa jeupe lililo wazi, lakini kidole kilikuwa kimepotea. Kwa mita 300, ambayo ni karibu viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu, nilimwona binti yangu kwanza na sahani baadaye. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuta kanga yake pembeni, si kwa nguvu, ila kiasi cha kuifanya isitulie. Nikampiga picha na kumtumia mpwa wangu, kwa sababu kanga ile ilikuwa na somo kubwa kuliko sahani.

Chukua bunduki ya .270 Winchester (namba hiyo ni upana wa tundu la mtutu kwa inchi), iliyotoka mwaka 1925 na ambayo hadi leo ni miongoni mwa bunduki zinazopendwa zaidi kwa kulungu huyu. Risasi yake ya greni 130, sawa na gramu 8.4, hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 930 hivi kwa sekunde. Ukiirekebisha darubini ili risasi igonge pale pale unapolenga kwa mita 200, basi kwa mita 300 risasi itakuwa imeshuka karibu sentimita 20, na kwa mita 400 zaidi ya nusu mita. Kushuka huku hakunitishi, kwa sababu ni kule kule kila siku, na mwenye kipima umbali na jedwali lake atafidia kushuka huko. Upepo ndio usiokuwa na jedwali. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni, ambao ni kama ule uliocheza na kanga, huisogeza risasi hiyo sentimita 8 hivi kwa mita 200, karibu 20 kwa mita 300, na 35 kwa mita 400. Kutoka katikati ya sahani hadi ukingoni ni sentimita 12 na nusu tu. Asiyeusoma upepo bado ataipata sahani kwa mita 200. Kwa mita 300 ataikosa, na ubaya ni kwamba hatamkosa mnyama.

Hili nalisema kwa uchungu. Mgeni mmoja niliyekuwa nikimwongoza alikuwa na .300 Winchester Magnum mpya, bunduki yenye nguvu na teke kali, na alinihakikishia kwamba kwao hupiga kwa umbali wowote. Tulimwona kongoni kwenye mbuga iliyo wazi, nikakadiria mita 350, upepo ukitoka kushoto, na badala ya kumwambia tusubiri au tuzunguke nyuma ya kichuguu, nikamfungulia fimbo za kuegeshea bunduki. Risasi ilimpata tumboni. Damu tuliyoikuta kwenye majani ilikuwa chache, yenye rangi ya kijani kibichi na harufu ya nyasi zilizosagwa, na kila mfuatiliaji anajua maana yake. Tulimfuata hadi giza likatuzuia, tukalala palepale, na kesho yake fisi walikuwa wametutangulia. Bunduki haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa mgeni alikuja kutegemea neno langu.

Kuhusu aina ya bunduki, basi, sina mengi. Sheria ya Colorado inataka kipenyo kisichopungua inchi .24 na risasi inayotanuka ikiingia mwilini, na kuanzia hapo kuna chaguo nyingi zinazofaa: hiyo .270, .30-06 ya mwaka 1906, .308 ya mwaka 1952, au 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007, ambayo teke lake ni dogo na kwa hiyo humfaa sana mwanafunzi. Magnum kubwa sikumshauri. Teke kali humfundisha mtu kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa, na tabia hiyo ikiingia huchukua miezi kutoka. Nilimwambia aazime bunduki ambayo mwenyeji wake anaijua vizuri, atumie risasi za aina moja tu kuanzia mazoezini hadi mlimani, na fedha ambayo angenunulia darubini kubwa ainunulie risasi za mazoezi.

Tena amekulia Tabata, karibu na usawa wa bahari, na kule atapanda hadi mita 2,500 au 3,000, ambako pumzi huwa fupi na mtutu hucheza kila moyo unapodunda. Kulungu huyu ana desturi ya kukimbia kidogo kisha kusimama na kugeuka kutazama kilichomshtua. Kijana anayehema asiruke kufyatua, akae chini, aegeshe viwiko magotini, na asubiri kugeuka huko.

Alhamisi aliniletea picha ya sahani zake tatu kutoka uwanja wa shabaha. Akiwa amekaa, kwa mita 200, risasi nne kati ya tano zilikuwa ndani. Kwa mita 300, mbili. Akiwa amesimama kwa mita 100, tatu. Nilimwomba abandike kipande cha plasta kwenye kitako cha bunduki na kuandika juu yake kwa kalamu nzito namba 180, yaani mita ambazo asizizidi. Akauliza kwa nini si 200. Nikamjibu kwamba ile risasi ya tano nayo ingekuwa ndani ya mnyama.