Asetanilidi inapogoma kufanya fuwele

Asetanilidi ni kemikali inayotengenezwa kutokana na anilini, na husafishwa kwa kuiyeyusha katika maji yanayochemka kisha kuiacha ifanye fuwele yanapopoa. Sasa chupa imekaa kwenye barafu nusu saa, na badala ya fuwele kuna matone ya kahawia chini, au tope lisilochujika. Usiongeze barafu. Asetanilidi ikigoma hivi kwenye maji, mara nyingi kosa lilifanyika kabla chupa haijaanza kupoa.

Tuanze na matone. Asetanilidi kavu huyeyuka kwa 114 °C, kwa hiyo mtu hatarajii kuiona ikiwa kimiminika ndani ya maji yanayochemka. Ila ikishalowa maji mambo hubadilika: kuanzia 83 °C hivi kwenda juu, kiasi kilichozidi uwezo wa maji hujitenga kama mafuta. Uchafu wa kikaboni hukimbilia kwenye mafuta hayo, nayo yakipoa huganda donge moja na uchafu wake tumboni. Rudisha chupa motoni, ongeza maji yanayochemka mililita 5 kila mara huku ukikoroga, mpaka tone la mwisho lipotee. Kama kilichobaki hakipungui hata baada ya kuongeza mara mbili tatu, hicho ni uchafu usioyeyuka. Acha kuongeza maji, kichuje kingali moto.

Hesabu ya maji ifanywe mapema. Mililita 100 za maji yanayochemka huyeyusha takriban gramu 5.5, na kwa 25 °C hubakiwa na karibu gramu 0.5. Kwa gramu 5 za asetanilidi ghafi, mililita 110 hadi 120 zinatosha, pamoja na ziada kidogo ili fuwele zisizibe faneli wakati wa kuchuja. Ukitumia 250, zaidi ya gramu moja itabaki kwenye maji, na hutaipata mpaka uchemshe kupunguza ujazo. Aliye Nairobi, ambako maji huchemka karibu na 94 °C, atahitaji maji mengi kidogo kuliko aliye Mombasa.

Sasa rangi. Kahawia au wekundu kwa kawaida hutoka kwa anilini ambayo haikumenyuka, ikaoksidika hewani. Kosa ninaloliona baya zaidi ni kutegemea fuwele ziiondoe zenyewe. Anilini ni besi, yaani humenyuka na asidi, basi itumie tabia hiyo: kabla ya kuyeyusha chochote, osha asetanilidi ghafi juu ya chujio kwa mililita 10 za asidi ya hidrokloriki ya 1 M (moli moja kwa lita) iliyopozwa. Anilini itageuka chumvi iyeyukayo majini na kupita. Kisha osha kwa maji baridi mpaka karatasi ya litmasi, inayoonyesha asidi, isibadilike rangi. Asidi isibaki, kwani ukichemsha asetanilidi pamoja na asidi inavunjika na kukurudishia anilini ileile. Vaa glavu: anilini hupenya ngozi na kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Asetanilidi yenyewe iliuzwa kama dawa ya homa kuanzia 1886, ikaja kuachwa kwa madhara ya namna hiyohiyo.

Rangi ikiendelea, tumia mkaa amilifu (mkaa uliotayarishwa kunasa rangi), gramu 0.1 kwa gramu 5. Ondoa chupa motoni na usubiri mchemko utulie kabisa kabla ya kuutia. Ukiutia kwenye maji yanayochemka yatafurika ghafla na kukuunguza. Chemsha dakika 3, chuja kwa faneli fupi iliyopashwa moto na karatasi ya kuchujia iliyokunjwa mikunjo. Usizidishe mkaa, maana hunasa asetanilidi pia. Punje nyeusi zikipita, chuja tena kwa karatasi mbili.

Acha chupa ipoe yenyewe mezani, imefunikwa, bila kutikiswa. Barafu iingie mwishoni tu, fuwele zikishatokea; ikiwahi, fuwele hukimbizana na kufungia maji machafu ndani. Kama hakuna kitu hata kwenye joto la chumba, kwangua ukuta wa ndani kwa kijiti cha kioo pale maji yanapoishia, au dondosha punje moja ya asetanilidi safi.

Fuwele zioshwe kwa maji ya barafu mililita 5, mara mbili, kisha zikauke kabisa kabla ya kupima joto la kuyeyuka. Fuwele zenye unyevu huyeyuka mapema na kukufanya urudie kazi bure. Zikiwa kavu na bado zinayeyuka kati ya 108 na 112 °C, rudia. Zikiyeyuka kati ya 113 na 115, zitie kwenye chupa.