Dizeli Iliyopotelea Njiani: Kuliamsha Lori la Mjomba

Lori la mjomba wangu ni Isuzu NPR yenye injini ya 4BD1 ya silinda nne, ambalo kwa miaka mingi lilibeba machungwa kutoka Muheza kwenda Dar es Salaam, kisha likaegeshwa chini ya mwembe mwenyewe alipougua, likapitiwa hapo na masika kadhaa. Tulipolifungia betri nzuri, stata ilizungusha injini bila shida, lakini haikuwaka. Fundi wa kwanza aliyeitwa alisikiliza kidogo, akasema pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa nguvu hadi kwenye nozeli zinazoinyunyiza ndani ya silinda, imekufa na inafaa ishushwe ipelekwe mjini. Mjomba alimjibu kupitia kwangu: "Mjomba, mwambie pampu hiyo haikuwa na kosa siku nilipoliegesha." Nilikubaliana naye, maana kuifungua pampu ya nozeli ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika mfumo wa mafuta, ilhali gari lililolala huharibika kwanza kule nyuma, kwenye tangi, mipira na machujio, mahali ambapo spana mbili na ndoo vinatosha.

Kabla ya kufungua chochote, mtu atazame bomba la moshi wakati stata inazungusha. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika ndani ya silinda na tatizo ni la kuungua. Usipotoka moshi kabisa, kama ilivyokuwa kwetu, dizeli haifiki. Vilevile uguswe mkono wa kuzimia ulioko kwenye pampu ya nozeli, kwa kuwa ukiganda kwa kutu ukiwa upande wa kuzima, injini haiwezi kuwaka hata mfumo mzima ukiwa safi. Wetu ulikuwa mzito, ukalainika kwa mafuta ya kupenya.

Dizeli ya chini ya tangi tuliitoa kwa kufungua nati ya kumwagia, tukaiweka katika chupa nyeupe na kuiacha itulie. Maji yalijitenga chini, dizeli nyeusi yenye harufu kama ya vanishi ikabaki juu, na katikati yake ukakaa utando wa utelezi. Utando huo ni kazi ya vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana, na katika unyevu wa mkoa wa Tanga tangi lililoachwa nusu huvipa makao mazuri, kwa sababu hewa iliyomo ndani hupoa usiku na kutonesha maji kwenye kuta za chuma. Tangi tulilishusha, tukalitikisa likiwa na kokoto na dizeli, tukalisuuza kwa dizeli nyingine. Maji hayafai kwa kazi hiyo hata kidogo.

Jaribio lililotusaidia kuliko yote halikuhitaji tangi. Tuliliweka dumu la dizeli safi juu kuliko injini, tukaliunganisha kwa mpira hadi kwenye pampu ndogo ya kuvutia, iliyofungwa ubavuni mwa pampu ya nozeli, ili nusu ya nyuma ya mfumo iondoke katika mashaka. Hata hivyo pampu ya mkono, kitufe cha kusukumia dizeli kwa mkono kilichoko kwenye pampu hiyo ndogo, ilikuwa laini kila ilipobonyezwa, na filta haikupata kitu. Kasoro ilikuwa ndani ya boliti ya kuingizia mafuta kwenye pampu ndogo: mna kichujio cha waya, kidogo kuliko ncha ya kidole, ambacho mafundi wengi hawakikumbuki kwa kuwa hakionekani mpaka boliti ichomolewe. Kilikuwa kimezibwa na tope jeusi kiasi kwamba hata mwanga haukupenya. Kilipooshwa, na washa zake za shaba zikabadilishwa, pampu ya mkono ilianza kuwa ngumu.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta, kunataka mpangilio. Huanzwa kwenye skrubu ya filta mpya, kwa kupampu mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke ikiwa nzima, kisha kwenye skrubu ya pampu ya nozeli, na mwisho hulegezwa nati za mabomba kwenye nozeli wakati stata inazungusha. Hapo mikono iwe mbali, kwani dizeli inayotoka kwenye nozeli ina shinikizo la zaidi ya baa 150 na hupenya ngozi. Mtu mmoja pia asimame na ubao tayari kuziba njia ya hewa, maana pampu iliyokaa muda mrefu inaweza kuwa imeganda ndani ikiwa imefungua mafuta yote, na injini ikapaa kwa kasi bila kushikika.

Iliwaka kwa dumu. Tuliporudisha bomba la tangi, ilinguruma kidogo, ikazimika. Mjomba aliagiza kifuniko cha tangi kifunguliwe, na kikavuta hewa kwa mlio: nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo ndani ya tundu la kupumulia, hivyo kila dizeli iliyovutwa iliacha utupu usiojazwa. Tulizibua, ikaenda muda mrefu zaidi, lakini bado ilikohoa. Tukafunga kipande cha mpira unaopitisha mwanga mbele ya pampu ndogo, tukaona mapovu yakipita. Upande wa kuvuta hauvuji dizeli wakati injini inafanya kazi, bali huvuta hewa, na ndiyo maana mtu anaweza kuzunguka chini ya gari bila kuona tone. Tulipaka grisi kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Mapovu yakakoma tulipofika kwenye mpira uliopasuka chini ya klipu, nyuma ya fremu.

Mpira ulibadilishwa wote, si kwa kukata kipande. Filta iliyotumika katika majaribio nayo itatolewa baada ya mwendo mfupi wa kwanza, kwa sababu kutu iliyobaki tangini itafika hapo tu. Pampu ya nozeli haijafunguliwa, na kinachofuata sasa ni breki.