Wali Uliolala na Viazi Vikavu

Jamani, mimi na vyakula vya chapuchapu hatuachani leo wala kesho. Nipe wali uliolala kwenye friji, kitunguu, mayai mawili na pilipili, nimemaliza. Na usiniletee wali wa leo! Punje zikilala kwenye baridi hukauka na kukaza, ndiyo maana zikiingia kwenye kikaango zinaachana moja moja badala ya kushikana kama uji. Kikaango kiwe cha moto kweli, halafu usikoroge ovyo. Acha wali utulie chini mpaka ushike ukoko kidogo. Ule ukoko ni wangu, sigawani na mtu (hata mgeni).

Viazi vya kukaanga vinataka subira. Vikaangwe mara mbili: kwanza moto wa kiasi viive ndani, vitolewe vipoe, kisha mafuta ya moto mkali, vitoke vikavu nje na laini ndani. Chumvi inyunyizwe papo hapo, maana vikishapoa haishiki vizuri. Sasa kuna wale wanaovifungia kwenye kontena la kifuniko vikiwa vya moto, mvuke unavirojesha vyote. Hao sina la kuwaambia.

Yai la kukaanga, kiini kitiririke. Hilo sijadili.

Tambi sawa tu, sina ugomvi nazo.

Kinachonikera hasa ni mtu kuulizwa akasema hana njaa, halafu mkono uko kwenye sahani yangu. Si uagize yako?