Kitalu Kilichomkimbia

Mwaka 2019 nilikuwa nafundisha kompyuta mara moja kwa wiki katika shule moja ya msingi pale Tanga. Mashine 11, watoto 22, wawili wawili kila kiti, na feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa kujivuta. Darasa la sita nilikuwa nimeanza kuwaonyesha kuandika programu kwa vitalu. Mtoto haandiki amri. Anaburuta kitalu cha rangi, anakipachika chini ya mwenzake, jino linaingia kwenye pengo, na amri zinafuatana. Wengi wanaijua kazi hii kupitia Scratch, iliyotolewa na chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Sisi tulitumia programu nyingine ya ukoo huohuo, ambayo hufunguka ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, na mashine zetu kongwe ziliimudu.

"Mwalimu, hiki kitalu kinanikimbia."

Alikuwa binti wa mashine ya ukutani. Mwenzake hakuja siku hiyo. Alikuwa anatengeneza ngalawa ivuke kioo kutoka kushoto kwenda kulia, na alitaka kuweka "rudia mara 10" juu ya "nenda mbele".

Nilikuwa nimeinama kwenye meza nyingine. "Hujakisogeza karibu, mwanangu. Sogeza mpaka vigusane, ndipo uachie."

"Nimesogeza, Mwalimu."

"Basi rudia."

Akarudia. Nilimsikia akibofya, akinyamaza, akibofya tena. Mara ya tatu aliponiita sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo ndiyo iliyonifanya niende. Mtoto akishusha sauti namna ile ujue ameanza kuamini kwamba mwenye kosa ni yeye.

Nikashika kipanya mwenyewe. Kitalu kilinifuata vizuri, kimeganda kwenye kishale kama kawaida. Nikakifikisha mahali pake, nikaachia. Kikaruka! Kilihama kwenda kulia na chini, kikatua peke yake mahali patupu. Nikajaribu tena, kikaruka tena.

"Lakini huku hakiruki sana," akasema, akanionyesha kwa kidole kona ya juu kushoto. Alikuwa ameshachunguza. Wakati mimi namwambia arudie, yeye alikuwa anapeleka kitalu huku na huku kuona kinapotulia.

Nilimwomba rula yake. Akaitoa kwenye begi, ya plastiki, sentimita 30, namba za mwanzo zimefutika. Tukaiweka juu ya kioo, sifuri kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa. Mimi nilishika kipanya, yeye akasoma na kuandika nyuma ya daftari la hesabu. Nikiachia kwenye sentimita 8, kitalu kinatua kwenye 10. Nikiachia kwenye 12, kinatua 15. Kwenye 16, kinatua 20. Wenzake walikuwa wameshaacha ngalawa zao na kutuzunguka.

Zile namba zilinisimamisha. 10 kwa 8, 15 kwa 12, 20 kwa 16: zote ni 1.25. Na 1.25 nilijua imetoka wapi, maana niliiweka kwa mkono wangu. Wiki iliyotangulia nilimwona akikunja uso kusoma, nikamkuzia maandishi ya kivinjari mpaka asilimia 125 ili aone vizuri. Mashine nyingine zote zilikuwa kwenye 100.

Tukajaribu. Tulipokuza mpaka 150, cha 12 kikaangukia 18. Kisha nikamuuliza: tukipunguza mpaka 80, nikiachia kwenye 10 kitatua wapi? Akapiga hesabu kwa penseli, akaandika 8. Nikaachia. Kilirudi nyuma, kikatua kwenye 8 kamili, na darasa zima likapiga kelele ambazo mwalimu wa chumba cha pili alikuja kuziulizia.

Jioni niliwaandikia watengenezaji. Niliwapigia picha lile jedwali lake la penseli, nikaliambatanisha kama lilivyo, nikaeleza kwamba limetoka kwa mwanafunzi. Walijibu baada ya siku tisa. Kivinjari, walisema, kilikuwa kinawapa mahali pa kishale pakiwa pameshalinganishwa na kiwango cha kukuza. Wakati wa kuachia kitalu, programu yao ilikuwa inazidisha kwa kiwango hicho bila sababu. Kwenye asilimia 100 kuzidisha kwa moja hakubadilishi kitu, na kwa hiyo hakuna aliyeona. Wanaokuza maandishi ni wale wenye macho dhaifu, na kwao kitalu kilikuwa hakishiki. Hitilafu ndogo, mstari mmoja tu, lakini ilimwangukia mtu ambaye tayari alikuwa anahangaika kuona.

Masahihisho yalipotoka nilimwambia mbele ya darasa kwamba alikuwa sahihi tangu neno la kwanza, na kwamba nilimjibu kabla ya kutazama. Aliitikia kwa kichwa tu. Akakaa kwenye mashine yake, maandishi yakiwa makubwa vilevile, akaburuta "rudia mara 10" na kukiachia. Kikashika.

Hakuibofya ngalawa. Alifungua begi, akatoa rula, akaanza kupima upya.